Namba Tisa Iliyofumuliwa

Katika timu ya Lambert, namba za jezi zilishonwa kila Alhamisi jioni, na zilishonwa kwa waliofika mazoezini Jumanne na Alhamisi. Asiyefika alivaa jezi tupu na kukaa benchi, awe nani. Lambert ni kocha na fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, mhamiaji kutoka Bukavu. Sheria hiyo aliitunga mwaka ambao timu yake, Mapambazuko, ilishuka daraja na wachezaji wake wa kulipwa wakatawanyika bila kuaga. Alianza upya na vijana saba wa mtaani, akawalea miaka mitatu. Aliyewazidi wote alikuwa Gaël: miaka kumi na minane, mabao kumi na moja msimu huu.

Ilibaki mechi moja, ya Jumapili. Wakishinda, wanapanda.

Hapo ndipo mfadhili wa timu, Moffat, Mkenya mfanyakazi wa benki anayekaa Kensington, mtaa wa jirani wenye nafuu, alipomleta Trésor, mshambuliaji aliyewahi kucheza ligi kuu. Mshahara wake ulizidi posho za vijana wote saba.

"Fundi, watoto ni wa kesho," Moffat alisema. "Mimi nataka Jumapili."

Jumanne Trésor hakutokea. Alhamisi pia hakutokea, Lambert akampigia simu.

"Coach, mimi ni mutu ya match," Trésor alicheka. "Mazoezi ni ya bale benye habajue mupira."

Eti mazoezi ni ya wasiojua mpira! Jioni hiyo Lambert alishona namba tisa kwenye jezi ya Gaël, kama ilivyostahili. Lakini hakutulia. Ijumaa nzima alisimama mlangoni, akarudi kwenye cherehani, akasimama tena. Jumamosi mkewe, Denise, aliyemwita kwa jina la binti yao, aliinua shati la mteja juu.

"Papa Héritière, huyu mteja ana mikono miwili ya kushoto?"

"Niache, mama."

"Mimi nimekushika wapi? Ni ile simu."

Moffat alikuwa amepiga mara nne tangu asubuhi.

"Anasema Trésor asipocheza, hatatoa tena hata nauli."

"Na weye umemwambia nini?"

Lambert alikuwa na siku nzima ya kusema hapana, akaimaliza kwa kuzungukazunguka chumba.

Jumapili, baada ya ibada, timu ilikuwa imeshikana mikono uwanjani ikisali gari la Moffat lilipoingia. Trésor akashuka. Lambert alisema amina kabla ya wenzake.

"Gaël, njoo. Vua jezi."

"Papa Lambert, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Leo tunahitaji mtu mzima."

"Lakini namba si uliishona mwenyewe?" aliuliza Exaucé, beki, mmoja wa wale saba.

Lambert alichuchumaa na wembe, akaanza kufumua uzi. Wembe uliteleza, kitambaa kikachanika pembeni.

"Haraka, fundi, refa anaangalia saa!" Moffat alipaza sauti.

"Eish, fundi amehamishia duka uwanjani!" mtazamaji mmoja akatania, na watu wakaangua kicheko.

Gaël alisimama kifua wazi mbele yao wote, akitazama namba yake ikihamia kwenye jezi ya mtu asiyelijua hata jina lake. Hakuomba kitu. Alipopewa jezi tupu aliikunja vizuri, akaiweka benchi, akaondoka.

Trésor alifunga mawili. Mapambazuko wakapanda. Moffat aliwanunulia watu soda na kumwita Lambert profesa.

Jumanne Lambert alibeba mipira hadi uwanjani, akatembea toka goli hadi goli akisubiri. Trésor hakuja, na hilo alilitarajia. Vijana nao hawakuja. Simu ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa Exaucé.

"Papa, sisi wote saba tumeenda timu ya mtaa wa La Rochelle. Asante kwa yote. Usitutafute."

Alimpigia, kisha akampigia Gaël. Hawakupokea.

Daraja walilipata. Lambert alilinunua kwa vijana saba na miaka mitatu ya kuwalea, na hakuna hata mmoja aliyerudi.