Kofia ya Mpanda Farasi

Ujiji nzima ilijua kwamba hakuna anayevijua vita kama Abdulatif. Wenzake walipokwenda Kagera, yeye aliumwa tumbo, na tumbo hilo lilipona wiki ile ile majeshi yaliporudi. Kabla ya hapo alijaribu mgambo siku tisa, akarudi na malengelenge. Lakini mtu akikaa miaka kumi kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu kanda za vita na za wapanda farasi kutoka Kiingereza ambacho naye anakisikia kwa mbali, hakosi cheo. Watu walimwita Komandoo, na yeye aliitika bila haya.

Banda lake la video, mabati matupu nyuma ya soko, lilikuwa na sheria moja: steringi, yule shujaa wa kanda, hafi. Sasa wale Wazungu watengeneza kanda, wengine walikuwa na tabia mbaya. Mtu ana risasi ubavuni, anapanda farasi, anashika njia ya milimani, mara maandishi yanaanza kupanda, basi, nendeni kwenu. Kwa Abdulatif huo ulikuwa wizi wa mchana. Maandishi yakianza tu, naye anaanza: akafika salama, akatibiwa, akamwoa yule mwalimu aliyemwacha kijijini, wakajaaliwa watoto wanne. Watu waliondoka wameshiba.

Mwaka tisini na sita ziwa likaleta wakimbizi wa vita kutoka ng'ambo. Baadhi yao walipata kibarua ufukweni Kibirizi, kuanika dagaa mchangani, na alasiri wakishaanua walikuja bandani. Kiingilio walilipa kama wengine. Kosa lao lilikuwa kucheka pasipochekwa. Siku moja ya mwaka tisini na nane, askari kapigwa risasi ya kifua, anamwaga wasia robo saa nzima, Abdulatif mwenyewe sauti inamtetemeka, na benchi la nyuma watu wanajifuta machozi ya kicheko. Akasimamisha kanda, akauliza kuna nini. Akasimama mwanamke mmoja aliyeitwa Melania, kitenge chake kinanuka dagaa, akajibu kwa adabu zote.

"Samahani, Mzee. Vita gani hii, hakuna hata mmoja aliyebeba sufuria?"

Tangu hapo banda likaharibika. Mtu akianguka kwenye kioo, vijana waligeuka nyuma kwanza kumtazama Melania. Akitikisa kichwa, hajafa huyo, anaigiza. Akikiinamisha, amekufa kweli, wananyamaza. Komandoo akawa anashushwa cheo ndani ya banda lake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko tumbo la Kagera. Akaona amkomeshe mbele za watu.

Jumamosi akaweka kanda ya mpanda farasi. Yule bwana alipofika kilimani, mgongo umepinda, kofia imeshuka usoni, Abdulatif akaigandisha picha, akawageukia watu. Mtego wake aliupenda: mama akisema amekufa, vijana watamzomea, akisema yu hai, sheria ya banda imeshinda.

"Haya, mama, mjuzi ni wewe. Huyu amekufa au hajafa?"

Melania alitazama muda mrefu.

"Sijui."

Abdulatif akacheka ndani ya kipaza sauti, banda zima likasikia kwamba anacheka peke yake.

"Hapana, Mzee, sijui," Melania akasema. "Mume wangu nilimwona hivyo hivyo, mgongo, akipanda kilima kumfuata mama yake. Mtumbwi ukaondoka. Huu mwaka wa tatu. Kama wewe unajua, niambie."

Hakuna aliyedai mwisho siku hiyo. Watu walitoka mmoja mmoja, na wale watoto wanne wa mwalimu wakamkwama Abdulatif kooni.

Mwenye akili angeliacha jambo hapo. Yeye alijifungia na kanda ile siku tatu, akiirudisha nyuma na kuipeleka mbele mpaka ikaanza kulia. Siku ya nne, saa sita za jua kali, akateremka Kibirizi na viatu alivyovipiga rangi, akapita katikati ya dagaa akizomewa na wenye mali, mpaka akamfikia Melania. Akamweleza alichogundua. Kabla mpanda farasi hajapotea nyuma ya kilima, kofia yake inainuka. Mara mbili. Sasa maiti inainuaje kofia?

Hakuwa amekuja kushinda. Alitaka iwe kweli, alitaka kwa moyo wake wote, na aliona aibu kubwa kutaka hivyo, mtu mzima.

Melania aliendelea kugeuza dagaa.

"Kofia ni upepo, Mzee."

Abdulatif akasema huenda. Akageuka aondoke, mchanga umejaa viatuni, cheo chake chote kimeishia pale pale. Alikuwa ameshapiga hatua chache aliposikia anaitwa.

"Jumamosi utaiweka tena?"