Nyumba Iliyonyamaza Mno

Fundi alikuwa mtu wa kelele kazini na mtu wa kimya nyumbani, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuona kasoro yoyote katika mpango huo. Kutwa nzima alipigilia misumari, akakata sponji, akabishana na wateja waliotaka kochi jipya kutokana na kochi bovu. Jioni alivua viatu mlangoni, akaingia katika nyumba iliyotulia kama maji mtungini. Mkewe alikuwa mkutubi. Alikuwa amenong'ona kazini miaka mingi mpaka sauti yake ya kawaida ikasahau njia ya kutokea. Mtoto hawakujaliwa. Ule ukimya, ambao mwanzoni ulikuwa wa watu wawili wanaoelewana, ulikaa nao mpaka ukawa kama mtu wa tatu mezani, asiyekula wala asiyeondoka.

Kisha wakamleta binti kutoka kituo cha watoto. Hakuwa amefika hata miaka mitatu, mwenye macho meusi ya mviringo kama vile vifungo ambavyo Fundi huvidumbukiza kwenye migongo ya makochi. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini Fundi alimwita Kifungo siku ile ile, na jina likamganda.

Ili mgeni wao asishtuke, wakaifanya nyumba iwe kimya zaidi. Fundi alitia mafuta bawaba za milango yote. Alibandika vipande vya sponji chini ya miguu ya viti visikwaruze sakafu. Mkutubi aliizima redio, kisha akavuka ua hadi kwa jirani, Mama Pacha, kumwomba wanawe wasipige mpira ukutani mchana.

"Jirani," Mama Pacha aliuliza, mikono kiunoni, "mmeleta mtoto au mmeleta yai?"

Wanawe walihamia ukuta mwingine. Kimya kikatanda. Na katikati ya kimya hicho, Kifungo alikaa kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Hakulia. Alikula vijiko viwili, kisha akafunga mdomo. Mchana, alipolazwa, alilala chali macho makavu yakiangalia dari. Ukimbeba hakukataa, ila alijikaza mwili mzima kama ubao, akikuvumilia mpaka umshushe. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Mtoto angempiga mateke, Fundi angejua la kufanya.

Afisa ustawi wa jamii alipokuja, mama mmoja wa makamo aliyemfahamu mtoto tangu akiwa mchanga kituoni, alimpima uzito, akatazama mizani, akampima tena.

"Sisemi hamumpendi," alisema. "Upendo nauona. Lakini mtoto anakwisha. Nitapita tena Jumapili. Nikimkuta hivi hivi, itabidi arudi kituoni kwanza, halafu tuone."

Wakamsindikiza hadi getini wakimshukuru. Mkutubi aliingia chumba cha mtoto, akalikunja upya shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Katikati ya wiki hiyo likatokea jambo dogo. Mkutubi alikuwa na mkutano usiokwepeka, na shangazi aliyezoea kuwasaidia aliamka na homa. Fundi hakuwa na budi kumbeba Kifungo hadi karakana. Alipofika alimwita dada mshonaji, yule anayeshona vitambaa vya makochi na ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake.

"Leo tufanye kazi polepole, dada yangu. Mtoto ana wasiwasi. Tusipige kelele."

"Sawa. Na cherehani niiambie nini? Inong'one?"

"Wewe nawe."

"Nauliza tu, bosi. Na huyo jirani anayekata vyuma, nimpelekee barua?"

Mteja alikuwa anakuja kuchukua kochi lake kabla ya saa sita. Fundi alimkalisha Kifungo juu ya lundo la mabaki ya sponji, akampa kipande achezee, akamgeuzia mgongo kwa aibu kama mtu anayetaka kufanya dhambi. Kisha akaanza kupigilia. Cherehani ikanguruma. Kwa jirani msumeno ukalia juu ya chuma. Mteja mwingine akaingia akilalamika kwamba rangi aliyoletewa si aliyochagua, na dada mshonaji akamjibu kwamba labda kilichobadilika ni macho yake.

Fundi alipogeuka, Kifungo alikuwa amelala.

Si kulala kwa kuzugia. Alilala mdomo wazi, udenda ukimchuruzika hadi kwenye sponji, mkono mmoja umetupwa huko kama si wake. Fundi aliinua kidole, na wote wakanyamaza ili wamwone; hata msumeno wa jirani ulikuwa umepumzika. Hapo hapo yale macho yakafunguka, makubwa, yenye hofu, yakazunguka chumba. Fundi akashika nyundo haraka, akapiga msumari. Macho yakafumba. Akaacha. Yakafumbuka. Akapiga.

Akasimama pale, nyundo mkononi, na jambo likamwingia taratibu. Mtoto huyu alikulia katikati ya watu. Kule kituoni vitanda vilipangwa vikigusana. Kulikuwa na wenzake wanaolia na kucheka, masufuria yanayogongana, walezi wanaoitana kutoka jikoni hadi uani. Hajawahi hata siku moja kuwa peke yake na kimya. Kwake yeye kimya kilikuwa na maana moja tu, kwamba wote wameondoka, na yeye wamemsahau.

"Masikini," alisema dada mshonaji, safari hii bila mzaha. "Kumbe mmemfungia mtoto kaburini."

Kifungo alipoamka alikula nusu ya mkate wa dada mshonaji, bila kuombwa.

Jioni Fundi alimsimulia mkewe. Mkutubi alikaa kitako sakafuni.

"Ni mimi niliyeizima redio," alinong'ona.

"Na bado unanong'ona, mke wangu."

Wakaiwasha redio. Kifungo aliitazama, akaona haina mtu, akaendelea kukodoa macho. Alitaka sauti za watu, watu walio karibu na wenye shughuli zao. Tabu ni kwamba wale wawili walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya kila kitu miaka mingi iliyopita. Hawakuwa na la kusemezana kwa sauti.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kifungo aliketishwa kwenye kochi, kimya kimeanza kumpanda usoni. Fundi alikohoa.

"Tugombane."

"Tugombanie nini?"

"Chochote. Hilo pazia. Silipendi."

"Ulilichagua wewe."

"Sema kwa nguvu!"

"Ulilichagua wewe!" Mkutubi alishtushwa na sauti yake mwenyewe, kisha akaonekana kuipenda. "Tena usinianze! Miaka nenda miaka rudi unawatengenezea watu makochi, langu mimi linatoa matumbo! Wageni wanakaa kwenye springi!"

"Ndiyo umeliona leo?"

"Nililiona zamani, nikanyamaza!"

"Na wewe je? Vitabu vya watu wote unajua viliko, miwani yako mwenyewe mpaka nikutafutie mimi!"

Sauti zikapanda, zikagonga kuta ambazo hazijawahi kugongwa. Kifungo aliegemea mto, akapiga miayo, akalala. Nao hawakuacha, kwa sababu utamu ulikuwa umewakolea na mambo ya kusema yalikuwa mengi kuliko walivyodhani.

Mlango ukasukumwa. Mama Pacha alisimama hapo, mikono ina povu la sabuni. "Jamani, jirani zangu, shetani gani amewaingia?" Na nyuma yake, mkoba kwapani, uso umefungwa kama duka la siku ya mapumziko, alisimama afisa ustawi.

"Nimewasikia tangu getini," alisema.

Fundi alitaka kueleza. Angeanzia wapi? Kwamba walikuwa wakigombana ili mtoto alale? Hata yeye, akilisikia hilo, asingeliamini. Kimya kikaangukia nyumba.

Kifungo akaamka. Aliangalia huku, akaangalia kule, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akaangua kilio, kilio kikubwa cha kudai haki yake. Afisa aliinama, akakunjua mikono ambayo mtoto aliijua. "Njoo, mama. Njoo kwangu."

Kifungo alimtazama. Alishuka kwenye kochi kwa tumbo, akampita, akaenda kumpandia Fundi mguuni hadi Fundi akamwinua. Kamasi likapakwa shatini. Mwili wake haukujikaza. Uliachiliwa wote, ukawa mzito ghafla. Kisha mtoto akanyoosha mkono, akaishika midomo ya mkutubi, akaivuta, kama anayefungua droo iliyokwama.

Mkutubi machozi yalikuwa yakimtoka. Mbele ya jirani na mbele ya serikali, akasema kwa sauti iliyokatika katikati, "Na pazia... pazia lenyewe hujui hata kulitundika!"

Kifungo aliweka kichwa begani kwa Fundi.

Afisa aliyatazama macho ya mtoto yakifumba. Kisha akauweka mkoba chini, akaketi kwenye kochi, akazama mpaka springi ikalia, akajisogeza kidogo.

"Endeleeni," alisema. "Hilo la pazia sikulisikia vizuri."