Plastiki ya Mlango wa Kulia

Mikono ya mume wangu ilipoanza kutetemeka, niliingia kwenye kazi yake bila mtu kunikaribisha. Alikuwa fundi wa ndani ya magari: viti, dari, mazulia, na zile plastiki za milango tunazoziita garnitire. Karakana ilikuwa uani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chini ya mabati. Mwanzo nilimshikia vitu tu. Baadaye nikamshonea viti. Mwishowe wateja wakawa wanamkuta yeye amekaa kwenye kigoda anatoa maneno, na mimi ndiye niliyeinama ndani ya gari. Alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya unga, mchana kwenye milango ya watu, jioni kwenye bukari, ugali wetu. Nilichoka hadi nikafika mahali ambapo hata kupewa pole kuliniudhi.

Siku moja ya majira ya baridi alikuja mzee kutoka Makomeno, mtaa wa watu wa reli, mtu wa kaskazini, dereva wa treni aliyestaafu. Kioo cha mlango wa kulia wa gari lake kilikuwa kimeangukia ndani ya mlango. Mke wake alikuwa amekaa upande huohuo, amejifunga blanketi mpaka kidevuni.

"Eko mugonjwa ya kifua," mzee alisema. "Kila juma ninamupeleka hospitali. Upepo inaingia, vumbi inaingia. Nilitia karton, upepo ikaitoa."

"Uiache kidogo, papa," mume wangu akamjibu. "Tutaifungua."

"Lakini ile plastiki isivunjike, fundi. Ingine haiko hapa Lubumbashi."

Alisema kweli. Miaka ile kitu kikivunjika kilikuwa kimevunjika. Vipuri vilikuwa hadithi ya zamani. Nilimtoa yule mama garini, nikamkalisha juani na kikombe cha chai. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kitambaa.

Nikaanza na skrubu. Moja imejificha ndani ya kishikio cha mkono, nyingine imefunikwa na kifuniko kidogo ambacho mtu asiyejua hukiona ni pambo. Mkono wa kuzungushia kioo nao una waya mdogo nyuma yake. Nilipitisha kitambaa pale, nikakivuta huku na huku mpaka waya ukaruka. Ikabaki plastiki yenyewe, imeshikwa na vibanio vyake kuuzunguka mlango. Baridi ya usiku ilikuwa imeikausha kama gamba. Nikachovya vitambaa katika maji ya moto, nikaikanda pembeni mwote, ilainike.

"Anzia chini," mume wangu alisema nyuma yangu.

"Ninajua."

"Karibu na kibanio. Hapana katikati, itapasuka."

"Ninasikia, baba watoto."

Nilikuwa na mwiko wa zamani niliouchonga ukawa bapa. Nikauingiza chini, pembeni, nikaukandamiza kidogo. Kibanio cha kwanza kikatoka. Nikasogea.

"Unavuta! Hapana kuvuta!"

"Sivute!"

Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Mzee akageuza uso. Nikasema polepole, "Nenda ukae na papa. Niache nifanye."

Akaenda. Nilimwona mgongo tu, na mgongo ule ulinichosha kuliko foleni. Mtu aliyenifundisha kila kitu nilichokuwa nikifanya nilikuwa nimemfukuza mbele ya mteja. Lakini sikumwita. Niliendelea, kibanio baada ya kibanio, vidole vyangu vikisikiliza nyuma ya plastiki kabla mwiko haujafika. Juu, pale inapoingia kwenye mfereji wa kioo, haivutwi kamwe; inainuliwa. Nikaiinua kwa mikono miwili. Ikatoka nzima.

Ndani kioo kilikuwa kimelala, salama. Reli iliyokibeba ilikuwa imeachia. Nikairudisha mahali pake, nikaibana kwa kipande cha mpira wa tairi na kipande cha mti, nikajaribu: kioo kikapanda, kikashuka.

Hapo mume wangu akasimama. "Kuirudisha, niachie miye."

Nilitaka kukataa. Mzee alikuwa akitutazama, na yule mama pia. Nikampa.

Aliilenga vizuri. Macho yake hayakuwa na tatizo. Vibanio vya juu vikaingia, vya kando vikaingia. Cha chini kabisa kikakataa, akakipiga na kiganja, na kiganja kilipotetemeka kikatua mahali pasipo pake. Tukasikia wote. Pembe ilikuwa imepasuka, ufa wa urefu wa kidole.

Nilidhani atanilaumu kwa maji yangu ya moto. Hakunilaumu.

"Ni miye niliyeivunja, papa," alisema. "Haiko yeye. Yeye aliitoa muzima."

Mzee akainama, akaupapasa ule ufa. Mke wake ndiye aliyesema, kutoka kwenye kiti, kwa sauti iliyokatika katikati:

"Kioo inapanda?"

Nikazungusha. Kikapanda mpaka juu.

"Basi tuende. Wanatungoja hospitali."

Nilitoboa matundu madogo kandokando ya ufa, nikaushona kwa waya mwembamba, wakaondoka, kioo kimefungwa. Mume wangu akarudi kwenye kigoda. Alikaa muda mrefu akiitazama mikono yake, kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hataki kuondoka.

"Kesho kama kuko mulango," alisema, "weye njo utaitoa, weye njo utairudisha."

Sikufurahi. Watu hudhani mtu akiachiwa kazi anafurahi. Mimi niliona tu kazi ya kesho, na ya keshokutwa, yote yangu, na yeye kwenye kigoda bila hata neno la kunisahihisha. Nikamwambia aendelee kuniambia, hata kama nitanuna. Akasema atajaribu.

Jua lilipoinama alitaka kutawadha. Birika lilimwagika mkononi mwake, maji yakaenda kwenye vumbi. Nikalichukua. Akanyoosha mikono, nikamimina polepole mpaka maji yakaisha.