Asali ya Emilian Mbele ya Taa ya Buluu

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wa Tabora, na kwa wageni walioshuka kwenye treni kimakosa, kwamba Emilian, mrina asali na mwimba besi wa kwaya, ndiye mtu wa kwanza mkoani kuishuku tumbaku kwa sababu inang'aa. Wengine huishuku kwa sababu ya kikohozi.

Chanzo ni Levina, binti mtafiti, aliyejenga kibanda cha wavu cha kuoteshea tumbaku jirani na mizinga ya mzee huyo. Emilian ametundika mizinga tangu hajaota ndevu, na imani yake ni moja: nyuki habishi hodi. Aliposikia tumbaku ya humo imetiwa kitu kinachowaka, alijifunika blanketi mchana kweupe, yeye na ndoo ya asali, aone giza litasema nini. Mkewe Josepha akalifunua.

"Baba Pelagia, unaatamia?"

"Nachunguza."

Asali haikuwaka. Shaka ikazidi: asali yenye hila itajionyesha vipi kwa mtu aliyeko chini ya blanketi? Akaenda kuropoka sokoni, na wateja wake wote wakahamia kwa Nurdini, muuza asali mwenzake. "Yako itatuwakia tumboni," walimwambia.

Ndipo akabeba chupa ya asali hadi kwa Levina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeitia nini tumbaku?"

"Protini ya konyeza, yule mdudu wa baharini anayewasha. Inakaa kwenye viini vya seli. Nikimulika taa ya buluu vinang'aa, navitazama jani likiwa bado hai."

"Wapagazi wa zamani walitembea kutoka pwani na shanga na vitambaa. Huyo mdudu hawakumbeba. Wewe umemleta wa nini?"

Levina akamkalisha kwenye hadubini. Emilian akaona vidoa vya kijani, kila kimoja kwenye kichumba chake, kama wapangaji waliowasha taa. Kimoja kikasogea. Akainuka, akachungulia chini ya meza.

"Na nyuki wangu?"

"Hawahusiki, mzee. Miche tunaing'oa kabla haijachanua."

"Mulika asali."

Akaimulika. Ikang'aa, kidogo, lakini iling'aa. Emilian akamtazama binti kama hakimu aliyeletewa mwizi na kuku wake.

Levina akatoa chupa yake mwenyewe, asali ya Kaliua, mbali kabisa na kibanda chake, akaimulika. Nayo iling'aa vilevile. Akavuta pumzi kama mhubiri.

"Mzee, asali yote hung'aa kidogo, ni asili yake, tangu nyuki wa kwanza duniani. Nenda sokoni ukawatangazie watu ukweli huo."

Emilian akafunga kizibo.

"Nitawaambia wasiimulike."