Siku Tuliyoupigia Mkojo Vigelegele

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala dawa za kugawa. Nilipewa mguu wa mgonjwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya Mwanza, upande wa Sengerema, nami nilikuwa nimeshuka kivukoni Kamanga asubuhi ileile, gauni jeupe limepigwa pasi, viatu vipya vinanibana. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote wa pale, alinipokea mlangoni mwa wodi.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba. Jina?"

"Kokushubira. Nyumbani Bukoba."

"Hapa utakuwa Sista Koku. Njoo."

Alinipeleka kwenye kitanda cha mzee mmoja mkulima wa mpunga, akaniambia nibonyeze kwa dole gumba juu ya mfupa wa mguu. Nilipoondoa dole, palibaki shimo, kama umelibonyeza donge la unga.

"Unaona nini?"

"Amevimba, Metroni."

"Hilo hata mkewe ameliona. Usiniambie amevimba. Niambie amevimba kwa nini."

Nikabonyeza tena mahali palepale. Yeye akamwomba mzee radhi, akavuta shuka, akanifundisha palepale. Moyo wa mzee umechoka, hausukumi tena kama zamani. Damu inayorudi kutoka miguuni inakuta njia imejaa, inasubiri kwenye mishipa, na inavyosubiri maji yake yanavuja na kutuama kwenye nyama. Kisha akanipeleka wodi ya watoto kumwona binti aliyevimba uso, macho yamebaki mistari miwili. Huyu moyo wake ulikuwa mzima. Wiki chache nyuma alikuwa na vidonda vya upele, kinga ya mwili ikapigana na vijidudu vya kwenye vile vidonda, na mabaki ya vita ile yakaenda kunasa kwenye vichujio vya figo. Figo zikashindwa kutoa maji, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi.

"Uvimbe ni uleule," Metroni alisema, "lakini mmoja umetoka moyoni na mwingine umetoka kwenye figo. Ukikosea chanzo, utamtibu jirani wa mgonjwa wako."

Chuoni somo hilo liliitwa patofiziolojia: elimu ya namna ugonjwa unavyouvuruga mwili hatua kwa hatua. Metroni hakulitaja kamwe neno hilo. Alisema "njia ya ugonjwa". Kila asubuhi alipita kitandani hadi kitandani akituuliza njia. Nimonia imepitaje? Imejaza usaha kwenye vifuko vidogo vya mapafu, hewa haina pa kuingilia. Selimundu je? Chembe nyekundu zimejikunja kama mundu, zimekwama kwenye vijishipa, na mfupa ulioko mbele unalia kwa njaa ya hewa. Presha? Hiyo inaunenepesha moyo kimyakimya miaka mingi, na mwenyewe anasema hana tatizo. Asiyejua njia hakunywa chai mpaka aijue. Tulimwogopa, na sasa nasema wazi kwamba tulimpenda.

Pale nilikaa sehemu kubwa ya ujana wangu, nikaolewa, nikazaa. Tuliponya watu wengi. Kitu kimoja kilitushinda, nacho ni figo zilizozima ghafla. Mara nyingi walikuwa akina mama waliovuja damu nyingi baada ya kujifungua. Tulimwongezea mama damu, presha ikapanda, akafungua macho na kumuulizia mtoto wake. Tukishukuru hivyo, Metroni anainama kutazama mfuko wa mkojo uliofungwa pembeni mwa kitanda. Mkavu. Kesho mkavu. Njia ya ugonjwa ule tuliijua yote mpaka mwisho wake, ila hatukuwa na chochote cha kuweka katikati. Mashine za kusafisha damu tulizozisikia zilikuwa mbali sana, na wengi wa akina mama wale hawakufika huko. Siwataji majina. Ninawakumbuka.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza mjini, hospitali kubwa, wodi ya magonjwa ya ndani. Nilikuwa nimeizoea vizuri wakati Daktari Bingwa wa figo aliponiita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kicheko chake hakuna aliyewahi kukisikia.

"Sista Koku, tunafungua kitengo cha kusafisha damu. Nataka wewe uwe muuguzi kiongozi."

"Daktari, mimi mashine hizo sijawahi hata kuzigusa."

"Mashine utafundishwa. Mimi natafuta mtu anayeuliza kwa nini."

Nilifundishwa miezi kadhaa, nikarudi na vitabu vizito na hofu nzito zaidi. Mwenzangu katika kitengo alikuwa Fundi Karim, kijana wa familia ya Kihindi iliyouza vitambaa mjini Mwanza tangu enzi za babu yake. Yeye ndugu zake walishindwa kumfundisha vitambaa. Alipenda pampu na mabomba. Kazi yake ilikuwa maji. Mnaweza kucheka: jiji zima limezungukwa na ziwa, na kitu kilichotuhangaisha kuliko vyote ni maji. Lakini mashine ile inaipitisha damu upande mmoja wa utando mwembamba na maji upande wa pili, uchafu wa damu unavuka kuingia majini. Kilichomo majini nacho kinaweza kuvuka kuingia kwenye damu.

"Klorini ya maji ya bomba tumboni haina neno," Karim alinieleza. "Ikikutana na damu uso kwa uso, inazipasua chembe nyekundu. Kwa hiyo, Sista, mpaka nikwambie ndiyo, usimuunganishe mtu."

Kila asubuhi alichuja, akapima, akachungulia mlangoni na kusema, "Ndiyo." Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kitengo kilikuwa bado kinanuka rangi mpya alipoletwa Mbuke. Alikuwa binti wa Kisukuma, uzazi wake wa kwanza, mkewe Masanja aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Buhongwa. Alivuja damu nyingi baada ya kujifungua, wakamwokoa, mtoto mzima, na baada ya hapo hakupata hata tone la mkojo. Alipofika kwetu alikuwa akihema ameketi, kwa sababu maji yasiyo na pa kutokea yalikuwa yameanza kupanda mapafuni. Karatasi ya kipimo cha moyo ilionyesha mawimbi yamechongoka kama paa la kanisa. Hiyo ni potasiamu, chumvi inayotolewa na figo kila siku bila sisi kujua. Ikirundikana, moyo unasimama.

"Aunganishwe leo," Daktari Bingwa alisema.

Tulimwekea mpira shingoni kwenye mshipa mkubwa, Karim akasema ndiyo yake, mashine ikazunguka. Mchana ule Mbuke alilala chali kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Siku iliyofuata alikuja mama yake Masanja, mjukuu mgongoni, khanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana. Wodi nzima tulimwita Bibi. Masanja alimfuata nyuma akitazama sakafu.

"Tumekuja kumchukua mtu wetu," Bibi alisema. "Kama ni kufa, afie kwake."

Nikamwamkia kwa Kisukuma kibovu nilichookota Sengerema. "Mwangaluka, Bibi."

"Mwangaluka," akaitikia, akashangaa kidogo, lakini hakulegea. "Hiyo mashine yenu inakunywa damu. Watu wameniambia. Binti amemwaga damu yote uzazini, hiyo kidogo mliyomwongezea mnaitoa tena! Na ukishafungwa humo hutoki mpaka kaburini."

Masanja akasema chini chini, "Mama, Daktari alisema..."

"Daktari hakumzaa mtu hapa!"

Ningeweza kumwonyesha picha za kwenye vitabu vyangu. Badala yake nilikwenda kwa Daktari Bingwa nikaomba ruhusa ya kumwingiza Bibi ndani. Akasema, "Anawe mikono." Nikampa Bibi joho la kitengo, mtoto akabaki kwa baba yake, tukaingia Mbuke akiwa ameshaunganishwa.

"Bibi, weka kidole karibu na mpira huu, usiuguse. Damu inatokea wapi?"

"Shingoni."

"Ifuate."

Akaifuata kwa kidole, polepole, kutoka shingoni hadi kwenye pampu, kutoka kwenye pampu hadi kwenye chujio, kutoka kwenye chujio hadi kwenye mpira wa pili, akauandama mpira ule mpaka kidole chake kikarudi shingoni kwa Mbuke. Akasimama. Akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Kumbe inarudi."

"Inarudi yote. Iliyoko nje muda huu haizidi kikombe cha chai. Kinachoachwa ni uchafu tu."

"Na figo zake zimekufa?"

Hapo Daktari Bingwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu mwenyewe. "Hazijafa, mama. Zimezimia. Damu ilipopungua, mwili uliipeleka kwenye ubongo na moyo, figo zikakosa. Ngozi ya ndani ya vijibomba vyake ikafa kwa njaa, ikabanduka, ikaviziba. Lakini inaweza kuota upya kama ngozi inavyoota baada ya kuungua. Inahitaji muda. Mashine inafanya kazi ya figo wakati zenyewe zinapona."

"Muda gani?"

"Sijui. Wiki. Pengine zaidi. Na wapo ambao hazirudi."

Bibi alimtazama mkwewe, ambaye machozi yalikuwa yakimteremka kimya kuelekea masikioni. "Ng'wana wane," akamwambia, mwanangu, "unataka kukaa?"

Mbuke akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mimi nakaa hapa kuhakikisha inarudi yote," Bibi akasema, akaomba kiti.

Na alikaa kweli. Kila Mbuke alipounganishwa, Bibi alikuwapo, kidole hewani, akiisindikiza damu. Wagonjwa wengine wakaanza kumuuliza yeye badala yetu. Nilimsikia akimweleza mwalimu mmoja mstaafu potasiamu ni nini, na hakukosea sana.

Lakini wiki zilipita na mfuko wa mkojo ulibaki mkavu, mpaka tukautoa. Mbuke hakuruhusiwa ndizi wala machungwa, kwa kuwa yana potasiamu, na maji alipimiwa kwa kikombe kidogo; mwenye kiu ya namna ile anakutazama unavyomeza mate. Maziwa yake yalikauka. Masanja alikonda kuliko mgonjwa. Siku moja alinifuata kwenye kibaraza akaniuliza, "Sista, niambie ukweli. Mkojo utarudi?"

"Sijui, mdogo wangu. Ila kila siku anayoishi, njia ya kurudi inabaki wazi."

Nilisema hivyo kwa sauti imara. Kisha nikaingia chumba cha maji, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Karim akaniona, akaendelea kupima maji yake. Nilikuwa nawaona wale akina mama wa Sengerema. Kama hata kwa mashine hii tutashindwa, nilijiuliza, tutasema nini?

Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha bandeji ya shingoni Mbuke aliponishika mkono.

"Sista, kama vile... nasikia haja ndogo."

Nilitaka kumwambia asijipe tumaini. Nikamletea chombo tu, nikavuta pazia. Bibi akaacha kuzungumza. Kisha nyuma ya pazia ikasikika sauti ambayo kila mmoja wenu huisikia kila siku bila kuifikiria.

Haukufika nusu kikombe. Rangi yake ilikuwa mbaya, mzito, wa kahawia. Nilikibeba chombo kile kwa mikono miwili kama ninayempelekea askofu chai, nikatokeza nje ya pazia, na kabla sijasema neno Bibi akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa ofisi za chini. Wanawake wa vitanda vya jirani wakakipokea. Mwalimu mstaafu, aliyeunganishwa mashineni na asiye na matumaini ya figo zake mwenyewe, alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja. Masanja alipiga magoti sakafuni. Daktari Bingwa akaja mbio akidhani mtu amefariki, akachungulia ndani ya chombo, akachungulia tena.

"Fundi Karim!" akaita. "Njoo uone. Haya ndiyo maji bora kuliko yote jijini."

"Hayo sikuyachuja mimi, Daktari," Karim akajibu.

Ndipo tulipokisikia kile kicheko cha Daktari Bingwa. Kilikuwa kikubwa, cha kuinamia ukuta.

Kuanzia hapo mkojo ulikuja kila siku na kuongezeka mpaka Bibi akaogopa upya, kwa maana figo zinazopona huanza kwa kumwaga maji bila kipimo, kabla hazijajifunza tena kuyabakiza. Sasa tulimlazimisha Mbuke anywe, naye alikunywa akicheka. Vipimo vikashuka, mpira wa shingoni ukatoka. Aliondoka kwa miguu yake, mtoto kifuani, Bibi nyuma akiaga kila mashine kana kwamba ni jamaa.

Baada yake tuliwahudumia wengi. Si wote figo zao zilirudi. Ambao presha au sukari ilizikausha figo zao kwa miaka, hao hubaki na mashine. Lakini yule mwalimu aliwaoza binti zake wawili akiwa na mashine, nami nilicheza kwenye arusi zote mbili. Wengine walifia mikononi mwetu, na hao pia ni sehemu ya kazi.

Nimestaafu sasa. Wauguzi vijana hunitembelea, wananiambia mama anayevuja damu upande wa Geita siku hizi anavushwa darajani Busisi bila kusubiri kivuko, na figo zake zinafika kabla hazijazimia. Nawasikiliza nikiona wivu mtamu. Wananiuliza nini hasa nilikipata katika kazi hii. Nawajibu kwamba kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya sala, natoka msalani nikisema asante kwa sauti, na wajukuu zangu wanadhani bibi yao amezeeka.