Kicheko Mbele ya Kamera Tupu

Miaka ile ya sabini nilikuwa mpiga picha katika studio moja ya Nyeri, na sifa yangu mjini ilikuwa moja tu: watoto. Mtoto aliyelia kwa wapiga picha wengine, kwangu alitulia. Siri ilikuwa ya bosi wangu, mzee Mwislamu wa Majengo aliyechunga filamu kama dhahabu. "Mtoto haogopi kamera," alinifundisha, "anaogopa taa. Basi washa taa, piga kamera ikiwa tupu, ka! ka! mpaka azoee. Filamu tia baadaye." Mlio ulikuwa ule ule. Hakuna mzazi aliyewahi kujua, nami niliuona ujanja mzuri sana.

Dada yangu alikuwa na binti wa miaka mitano, mgonjwa wa moyo. Daktari alikuwa ameshamwambia ukweli. Siku moja akanijia studio. "Niko na mtoto mmoja tu na sina hata picha yake moja," akasema. "Nataka ya studio, amevaa rinda yake ya Krismasi, anacheka. Lakini kupanda hii mlima mpaka hapa hawezi. Miguu imefura." Nikamwambia asijali, studio itamfuata mtoto nyumbani.

Bosi aliniazima taa mbili kubwa na stendi zake kwa Jumapili moja, baada ya kuniapisha kwamba zitarudi nzima. Nilizifunga blanketi, nikazisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumba za serikali alikokaa dada, ambako umeme ulikuwapo. Tulitundika shuka la bluu ukutani, tukaziba dirisha, tukamketisha mtoto kwenye kiti cha babake. Nikawasha. Chumba kikawa moto kama jikoni siku ya harusi.

Mafuta niliyojipaka usoni asubuhi yakaanza kutiririka. Mtoto akanikodolea macho. "Anko, unaiva!" Akacheka. Ngai, alivyocheka! Kichwa nyuma, jino moja halipo, mikono imeshika tumbo. Nikapiga. Nikajifanya nayeyuka mpaka chini, akazidi, nikapiga tena, na tena. Dada alisimama mlangoni na leso mdomoni, anacheka huku machozi yanamtoka.

Kamera ilikuwa tupu. Filamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Na mtoto mwenyewe hakuziogopa zile taa hata kidogo! Nilifuata mazoea tu, mjinga mimi, kama punda anayejipeleka mtoni. Nilipomaliza kutia filamu, joto lilikuwa limemmaliza. Pumzi ilikuwa fupi, midomo imebadilika rangi. Nilipiga picha zote kumi na mbili za filamu ile haraka haraka huku nikimbembeleza, "Cheka kidogo, mama, kidogo tu." Mwishowe dada akasema, "Wacha sasa, amechoka. Si uko na zile za kwanza?"

Nikazima taa. Nikaanza kuzifunga blanketi.

Mtoto alifariki wiki tatu baadaye. Mazishi yalipopita, dada alikuja studio, akazipanga zile picha juu ya meza. Macho yamefumba. Kidevu kimelala kifuani. Mdomo wazi, unatafuta hewa. Akazipitia mara mbili.

"Zile anacheka ziko wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ziliharibika wakati wa kusafisha, naye angeniamini, maana nani anajua mambo ya chumba cha giza? Lakini nilimwambia. Nikaeleza habari ya taa, ya kuzoesha watoto, ya kutopoteza filamu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojichukia. Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nguvu yote alikuwa amebakisha," akasema, "alikuchekea nayo bure."

Alichagua moja, iliyo afadhali kidogo, akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Iko pale mpaka leo. Sijui kwa nini hakuichoma, mimi ningeichoma. Wageni wakiitazama sana huuliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto alipigwa picha akiwa ameshafariki. "Muulizeni mwenye kamera," dada husema, na kwenda zake jikoni.

Wote hunigeukia. Nami huwaambia hapana, alikuwa hai, alikuwa amechoka tu. Naona wazi hawaniamini.