Safi Sana, kwa Wino Mwekundu

Mwalimu wetu wa Kiingereza, pale sekondari niliyosoma Mwanza, alikuwa na kitenzi anachokipenda kupita kiasi: cleanse. Alikiandika ubaoni, akatugeukia. "Msikichanganye na clean, jamani. Sufuria unaisafisha, hiyo clean. Ila uchafu usioonekana kwa macho, huo ndio wa cleanse. Kutakasa!"

Neno hilohilo lilikuwa limehamia nyumbani kwetu Pasiansi wiki nzima. Baba alikuwa amefariki, hata arobaini haijafika, na ndugu zake wakaja kutoka kwetu Mara kumwambia mama kwamba mjane lazima atakaswe. Kwa asiyejua, maana yake alale na mwanamume aliyechaguliwa na ukoo. Asipotakaswa, eti sisi watoto tutaugua mmoja mmoja. Na akikaidi, watatuchukua wote watatu, nyumba waiuze.

Mama alisema hapana siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza. "Shemeji ameelewa," akasema baba mdogo. Ameelewa! Mtu amebanwa hadi pumzi hana, wao wanaita kuelewa.

Basi mwalimu akatuambia kila mtu atunge sentensi ya kitenzi kile, tukusanye madaftari. Wenzangu wakaandika vidonda, wakaandika dhambi. Mimi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: Jumamosi watamtakasa mama yangu. Nilitaka mwalimu aniulize. Hilo tu. Mtu mzima mmoja aniulize wanamtakasa nini, nami nimwambie, aende akaongee na wale watu.

Ijumaa daftari likarudi na tiki kubwa. Chini yake, kwa wino mwekundu: Safi sana! Tena akaisoma mbele ya darasa. "Mmeona? Sentensi iko wakati ujao, hakuna kosa hata moja. Bila shaka mama yake anabatizwa. Mpigieni makofi." Wakapiga. Nilisimama nimweleze, makofi yakazidi, nikakaa. Nilimchukia mwalimu yule miaka mingi, ingawa najua nilimwandikia fumbo.

Jumamosi mama akapanda basi na baba mdogo. Hakubeba hata kanga ya kubadilisha. Nilimfuata hadi barabarani nikisema mama usiende, na yeye akawa ananijibu mambo ya mboga iliyobaki na saa ya wadogo zangu kula.

Alirudi Jumatatu mchana. Jirani akamkuta mlangoni, akamshika mikono yote miwili. "Pole, mwenzangu. Limekwisha, sasa u safi." Mama akaitikia asante, akaingia ndani.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imeachiwa huru, madukani kumejaa sabuni za kila rangi zenye harufu ya maua, sisi tuliozoea kupanga foleni ya kipande cha sabuni ya mche. Mama akanituma nilete moja, yoyote ile. Akakaa kwenye kigoda bafuni, akanipa mgongo.

"Hebu nisugue."

Nikasugua mpaka povu likajaa sakafuni.

"Tayari, mama. Umetakata."

"Bado," akasema, bila kugeuka. "Sugua tena."

Nikasugua. Sabuni ikaisha mkononi mwangu, na yeye bado anasema bado.